Gauni la Buluu, Kofia ya Njano

Jumamosi, 3 Mei

Leo ni siku ya mbio za farasi na Louisville nzima imevaa kofia. Bi Winifred Stoll, tajiri wa timu yetu ya mpira wa kikapu, alitualika kwake kama kila mwaka. Nilikula burgoo, ule mchuzi wetu mzito wa nyama na mboga, nikanywa wiski yenye mnanaa, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha akapanda ngazi za baraza, bilauri mkononi, akamtangaza meneja mkuu mpya wa Farriers: Whit Ransdell, miaka thelathini na sita, kutoka Connecticut, suti ya kitani na viatu bila soksi.

Naliandika hapa nisije nikalisema kwingine: kiti kile kilikuwa changu. Tangu Januari, alipofukuzwa meneja wa zamani, nimekikaimu mimi, Odell Embry, mzaliwa wa mtaa wa Shawnee hapa hapa mjini, niliyeingia klabu hii nikiwa na nywele zote kichwani. Tulikuwa timu mbovu kuliko nyingi kwenye ligi, na mimi ndiye niliyeishika isimomonyoke. Mke wangu Verna alikuwa ameshaninunulia tai ya kuvaa siku ya kutangazwa.

"Piga makofi," Verna aliniambia chini chini. "Watu wanakutazama."

"Si napiga."

"Unapiga kama unaua mbu."

Jumanne, 6 Mei

Ananiita "mzee wangu". Nina miaka hamsini na miwili.

Jumatatu, 12 Mei. Chicago

Leo ilikuwa bahati nasibu ya ligi. Timu zilizovurunda msimu mzima zinapigiwa kura kujua nani atakuwa wa kwanza kuchagua vijana wapya mwezi ujao. Kila timu hupeleka watu wawili. Mmoja hukaa jukwaani mbele ya kamera, amechana nywele, akisubiri bahasha zifunguliwe. Wa pili hufungiwa chumba cha nyuma, ambamo kura yenyewe hupigwa. Sina haja ya kuandika nani alipelekwa wapi.

Walitunyang'anya simu mlangoni wakazitia kwenye bahasha. Mashine ilikuwa inatifua vimpira vyake kama bisi kwenye sufuria. Mtu mmoja aliupa ukuta uso, saa mkononi, na kila alipoinua mkono kimpira kimoja kilifyonzwa juu. Nambari zikasomwa. Chaguo la pili likatua kwetu, Louisville. Moyo ulinipasuka kwa furaha, na sikuwa na wa kumwambia ila sahani ya biskuti, maana hakuna anayetoka mle mpaka televisheni imalize kutangaza.

Basi nikakaa saa nzima na siri yangu nikimtazama Whit kwenye televisheni ya ukutani. Alikuwa amekuja na kiatu kikuukuu cha farasi, kwa kuwa jina letu ni la mafundi wa kupigilia farasi viatu. Kamera ilimsogelea. Bahasha ilipofunguliwa alikibusu kile chuma, na ukumbi ukampigia makofi.

Nimerudi naye kwenye ndege moja. Kila anayepita anampa mkono kwa bahati aliyotuletea. Bahati hiyo niliiona mimi ikitoka tunduni, yeye hakuwepo.

Jumanne, 13 Mei

Gazeti: "Mkono wa Whit una baraka." Picha kubwa. Anabusu chuma.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi nilikuwa namwaga kahawa kwenye kikombe cha gari, redio imewashwa, nikasikia sauti yake: "Nyumba haianzwi kwa bati. Kwanza tunapata kijana wa kutujengea msingi kwenye uteuzi, kisha tunakwenda kwenye soko la wachezaji huru kutafuta mtu mzima mmoja wa kuwashika mkono."

Maneno hayo ni yangu, na bati lenyewe ni langu. Nimeyasema kwenye vikao vya klabu hii mpaka wahasibu wakayakariri, na wiki iliyopita nilimwelezea Whit mpango mzima tukiwa tunakula mkate wa soseji ya kukaangwa kwenye ile baa ya Barabara ya Goss. Alikuwa akitafuna barafu na kuitikia kwa kichwa. Nilidhani ananielewa, kumbe ananimeza.

Nilipofika ofisini akanikuta kwenye korido. "Umenisikia redioni, mzee wangu?"

"Nimekusikia. Umesema vizuri."

"Nina mwalimu mzuri," akasema, akanipiga bega, akaenda zake. Hayo ya mwalimu redioni hakuyasema.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Ving'ora vya kimbunga vililia mara mbili, tukashuka wote ghala la chini. Whit alishuka na pakiti za karanga za kuwagawia makarani. Wanampenda tayari.

Jumatano, 28 Mei

Leo kijana wangu amekuja kujaribiwa.

Nimwandike sawasawa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye maana katika haya yote. Colby Fugate, miaka ishirini, mchezesha timu, kutoka Perrin Fork huko milimani mashariki, ambako migodi ya makaa imefungwa na vijana wanahama. Nilimwona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, kwenye ukumbi wa shule unaovuja, akitoa pasi kwa mwenzake kabla mwenzake hajajua kwamba yuko wazi. Tangu siku ile nimeendesha gari kupanda milima ile misimu yote minne ya mwaka. Amelelewa na bibi yake, Oleta, ambaye kijiji kizima humwita Mamaw, ndivyo wanavyowaita bibi zao huko. Nimekula maharage yake na mkate wake wa mahindi mara nyingi kuliko nilivyokula kwa mama mkwe wangu.

Majira ya baridi, nikiwa bado nakaimu kiti, nilimwambia Mamaw jikoni kwake: "Tukipata chaguo la juu, huyu anakuja nyumbani. Nunua gauni la buluu." Buluu ndiyo rangi yetu. Alicheka akasema yeye hanunui, anashona.

Leo Colby alicheza mbele yetu saa nzima. Alikuwa mzuri hata wafagiaji waliacha kazi. Alipomaliza nilishuka ngazi kumlaki, nikamkuta tayari ameshikwa bega na Whit, wanacheka kitu. Wakaenda kula pamoja. Colby aliniona akapunga: "Bwana Odell! Mamaw anakusalimu!" Kisha akapanda gari la Whit.

Nimekula chakula changu mezani kwangu, peke yangu, kwenye boksi.

Jumatano, 4 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kikao cha kupanga majina. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimevaa ile tai ya Verna. Mbele ya Bi Stoll na kocha na maskauti wote, wasaka vipaji wetu, ningesimama na kumtaja Colby Fugate, na kila mtu angekumbuka ni nani aliyemtoa milimani. Kila timu inamsifu Jonas Vaitkus, Mlithuania mrefu kama mlingoti, na baada ya yule atakayekwenda wa kwanza, magazeti yote yanasema wa pili ni yeye. Mimi ningesimama kinyume cha wote. Nimeungoja mkutano ule kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Whit akafungua kikao kwa kusema, "Nimelala nikaamka na jina moja. Colby Fugate."

Bi Stoll akasema, "Yule wa milimani? Una jicho, Whit."

Una jicho! Nilihisi damu inapanda masikioni. Miaka mitano ya barabara za matope, na jicho ni la mtu aliyemwona Jumatano iliyopita.

"Odell, wewe unamfahamu," Whit akasema. "Tuongezee."

Nikasimama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ningekuwa mwangalifu."

Wakanitazama wote, kwa mara ya kwanza tangu Mei, na kutazamwa kulikuwa kutamu. Nikaendelea. Nikasema anapiga mpira kutoka chini, warefu watamfunika. Nikasema ana kilo za mwanafunzi. Hayo ni kweli na yanarekebishika. Kisha nikasema lile la tatu: "Chuo chake cha kwanza alikitoroka kabla ya Krismasi. Akarudi kwa bibi yake. Kijana anayetoroka akikumbuka nyumbani, sisi tutampa safari za msimu mzima, miji usiku kwa usiku?"

"Alitoroka?" Whit akauliza. "Kwa nini?"

"Nyumbani," nikasema. "Milima inawavuta."

Sikusema kwamba babu yake alikuwa anakufa kwa vumbi la makaa mapafuni. Sikusema kwamba alikwenda kumzika, akakaa na Mamaw mpaka theluji ikayeyuka, kisha akaanza chuo kingine. Ninayajua hayo kwa sababu nilikuwepo. Nilibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma ya Colby.

Alhamisi, 5 Juni

Joto. Sikwenda kazini mpaka mchana.

Jumatano, 11 Juni

Nilidhani Whit atanipinga. Ndiyo raha niliyokuwa naisubiri: anipinge, tubishane, mwishowe nimwachie kama mtu mkubwa, Colby aje, nami baadaye niseme nilijua tangu mwanzo. Badala yake amekuja ofisini kwangu leo, akakaa ukingoni mwa meza na kikombe chake cha barafu.

"Nimelifikiria ulilosema kuhusu Fugate. Mimi nimemwona saa moja. Wewe umemwona miaka mitano. Nikikupuuza, kwa nini nikuweke hapa?"

"Bado kuna muda," nikasema.

"Hapana, umenishawishi. Tunakwenda na Vaitkus." Akatafuna. "Ilikuwa ngumu kusema vile mbele ya tajiri. Nimekuheshimu kwa hilo."

Laiti angenitukana.

Jumanne, 17 Juni

Verna ameliona. Tulikuwa barazani, vimulimuli bustanini, joto la kukamulia nguo. Aliniuliza mbona Mamaw amepiga simu mara mbili na sijampigia.

Nikamweleza. Si yote, lakini Verna ukimpa nyuzi mbili anashona shuka.

"Subiri kwanza," akasema. "Unamtaka mtoto?"

"Namtaka."

"Na yule bosi wako anamtaka mtoto?"

"Alikuwa anamtaka."

"Basi tatizo liko wapi, Odell?"

"Alimtaja kabla yangu."

Verna aliweka glasi chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla. "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Wewe hukukonda, wewe umemkondesha mtoto wa watu. Nenda kesho ukaseme."

"Nitasema."

Jumatano, 18 Juni

Sikusema. Whit alikuwa na waandishi.

Ijumaa, 20 Juni

Sikusema. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Ukutani ametundika kile kiatu cha farasi.

Jumanne, 24 Juni

Mvua ya mawe imepasua kioo cha gari langu. Sawa tu.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika ya jana.

Tulikuwa wote kwenye chumba chetu cha uteuzi hapa Louisville, simu mezani, televisheni ukutani. Sherehe yenyewe iko New York. Vijana wanaotarajiwa hukaa kwenye meza za duara mbele ya jukwaa na familia zao, na kila timu ina dakika tano za kutaja jina. Kamishna wa ligi analisoma, kijana anapanda, anavikwa kofia ya timu iliyomwita, picha inapigwa.

Wa kwanza akaitwa, kama wote tulivyojua. Saa yetu ikaanza kuhesabu.

Whit akanigeukia mbele ya wote. "Odell. Umewajua wote hawa kuliko mimi. Neno la mwisho."

Huo ndio ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Ningesema jina moja tu. Lakini kulisema kungekuwa kukiri, na Bi Stoll amekaa pale, na maskauti wale niliowafundisha kazi. Nikasema, "Vaitkus."

Whit akalipeleka jina kwa simu.

Kamera ikaanza kupita mezani. Ndipo nikamwona Mamaw. Amekaa karibu na Colby, nywele amezibana, na amevaa gauni la buluu. Buluu yetu hasa, ile iliyoiva. Ukosi ameutia utepe mweupe kama wa jezi zetu za nyumbani. Ameshona.

Kamishna akasoma: "Kwa chaguo la pili, Louisville Farriers..." Na Mamaw akaanza kusimama. Alishika ukingo wa meza akajiinua, uso umefunguka wote, mkono umeshafika bega la mjukuu wake. "...wanamchagua Jonas Vaitkus." Akabaki nusu amesimama. Watu wa meza nyingine walikuwa wanapiga makofi kumshangilia Mlithuania, na yeye akapiga pia, mara mbili tatu, kisha akakaa taratibu na kuanza kulinyoosha gauni mapajani, kulinyoosha na kulinyoosha.

"Nimekudanganya," nikasema.

Nadhani nilisema kwa sauti kubwa, maana kocha aliangusha kalamu.

"Nini?" Whit akasema.

"Fugate. Hakutoroka. Alikwenda kumzika babu yake. Nilikuwepo, nilibeba jeneza. Ni bora kuliko Vaitkus, ni bora kuliko yeyote niliyemwona tangu nianze kazi hii, na nilikudanganya kwa sababu ulimtaja wewe kabla yangu."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na barafu mdomoni. "Ulibeba jeneza," akasema, "ukaniambia milima inawavuta."

"Ndiyo."

Bi Stoll akafungua kinywa. Whit akainua kiganja, akanyakua simu. Wa tatu walikuwa San Diego, na tulijua walikuwa wanamlilia Vaitkus. Saa yao ilikuwa imekwishaanza. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: wao wamchague Fugate, tubadilishane. Ndiyo, sasa hivi. Ndiyo, nimebadili mawazo. Kisha akasikiliza, akakunja uso. Mwenye shida hana bei. Walitaka na chaguo letu la kwanza la msimu baada ya ujao, yaani kijana mwingine ambaye bado hatumjui jina. Whit akafumba macho akasema, "Chukueni."

Colby akaitwa na San Diego. Ndiyo sheria yetu: aliyekuita ndiye anayekuvika, hata kama umeshauzwa, mpaka ligi ipige mhuri. Akapanda jukwaani na kofia ya njano. Picha zikapigwa. Kisha akashuka akamkumbatia bibi yake, na picha hiyo ndiyo iliyozunguka nchi nzima: kijana wa kofia ya njano, kikongwe wa gauni la buluu, wote wawili wanajilazimisha kucheka. Walikaa hivyo karibu saa nzima kabla ya kuambiwa kwamba anakuja nyumbani.

Baadaye Whit alikutana na waandishi. Mmoja akauliza ilikuwaje klabu imlipie mara mbili kijana ambaye ilikuwa na nafasi ya kumchukua bure. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Nilingoja jina langu.

"Nilisita," Whit akasema. "Kosa ni langu."

Ijumaa, 27 Juni

Gazeti: "Meneja mwenye ujasiri wa kujisahihisha." Nililisoma mara tatu. Mungu anisamehe, nilichohisi kwanza si shukrani. Nilihisi kijicho. Mtu huyu hata akikosea anasifiwa, na hata hilo kosa si lake.

Jumatatu, 30 Juni. Atlanta

Kuanzia saa kumi na mbili jioni wachezaji huru, waliomaliza mikataba yao, wanaruhusiwa kuzungumza na timu yoyote. Tumempoteza mrefu, kwa hiyo tunahitaji mrefu. Whit hajanisemesha neno tangu Jumatano zaidi ya kazi. Asubuhi akaniambia, "Nenda kwa Tyree Hollowell. Wakala wake hanijui mimi, wewe Tyree anakujua."

Hollowell ana miaka thelathini na mmoja, magoti yake yamechoka, lakini akisimama chini ya kikapu watu wanatafuta njia nyingine. Nilimkuta kwake anachoma nyama uani, aproni kifuani.

"Mjomba Odell," akasema, "timu tano zimepiga simu. Nyinyi ndio wabovu kuliko wote."

"Najua."

"Huyo kijana wa milimani. Ni mzuri kweli au ni maneno ya sokoni?"

"Ni mzuri."

"Niangalie."

"Tyree, nilishamdanganya mtu kuhusu yule mtoto mara moja. Sirudii. Atakupa mpira mahali ambapo hujajua bado kama unautaka."

Aligeuza nyama. Akageuza tena. Kisha akanipa mkono wenye mafuta. Ni ahadi ya mdomo tu, kalamu hairuhusiwi mpaka tarehe sita, na katikati hapo watu wazima hubadilika kama mawingu.

Alhamisi, 3 Julai

Wanasema Hollowell anaongea na Denver. Sijalala.

Jumapili, 6 Julai

Ametia saini. Mbele ya kamera zote Whit alishika kipaza sauti akasema, "Huyu ameletwa na Odell Embry. Na Colby Fugate aliibuliwa na Odell Embry. Mimi nimekuta nyumba ina fundi." Watu wakageuka, wakapiga makofi. Verna alikuwa mstari wa pili, hakupiga. Alinitazama tu aone nitafanya nini na uso wangu.

Sifa hizo nimezililia miaka mingi. Zimekuja siku ambayo sikuweza kuzimeza.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepanda Perrin Fork. Nilikuwa nimejipanga njiani nitakavyosema, na mvua ya milimani ilinipa muda maana lori la magogo lilikuwa mbele yangu safari nzima.

Mamaw alinifungulia, akanibusu shavu, akanivuta jikoni. Ukutani, juu ya jokofu, ndani ya fremu mpya, ipo ile picha. Kofia ya njano, gauni la buluu.

"Kanisani wananitania," akasema, akipakua maharage. "Wanasema Oleta alishona gauni la harusi ya bwana mmoja, akaolewa na mwingine. Hamna picha nyingine, mwanangu. Ya kuitwa ni moja tu maishani."

"Bibi, nimekuja kwa ajili ya hilo."

"Usijisumbue, ameshakuja bosi wako."

Nikaweka kijiko chini. "Whit? Hapa?"

"Jumanne ya wiki jana. Peke yake, na kile kigari chake cha chini kimekwama matopeni, Colby akakisukuma. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Amekula bakuli mbili. Hana soksi, maskini, nimempa za marehemu." Akacheka. "Akasema, 'Bibi, Odell alimtaka mjukuu wako tangu mwanzo. Mimi ndiye sikusikiliza.' Mtoto mzuri yule. Si wengi wanaopanda mlima kusema hivyo."

Nilitazama bakuli. Alikuwa amekalia kiti changu, amekula maharage yangu, amevaa soksi za mtu niliyembeba mabegani kumpeleka kaburini. Tangu Mei amechukua ofisi yangu, maneno yangu, kijana wangu. Na sasa amekuja huku juu akachukua hata kosa langu, kitu pekee cha msimu huu mzima ambacho kilikuwa changu mwenyewe bila mshirika. Ningenyamaza tu ningebaki mtu mwema jikoni humu mpaka kufa kwangu. Sijawahi kumwonea mtu kijicho kama nilivyomwonea Whit dakika ile.

"Si kweli," nikasema. "Yeye alimtaka. Aliyemkataa ni mimi."

Mamaw akaacha kupakua.

Nikamwambia yote. Kikao, jicho, kutazamwa, milima inawavuta. Nilipofika kwenye mazishi aliketi. Hakulia, alilishika tambara la sahani kwa mikono miwili.

"Ulisema alitoroka," akasema hatimaye. "Wewe uliyemwona siku ile."

"Ndiyo, Mamaw."

"Kwa sababu mwenzio alitangulia kulitaja jina."

"Ndiyo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akainuka, akavuta kiti, akapanda juu yake, nami nikaruka kumshika asianguke. Akaangua ile fremu msumarini, akaipangusa kwa aproni, akanikabidhi.

"Ichukue. Mimi nimemwona akiitwa, siihitaji. Wewe itundike mahali utakapoiona kila siku kabla hujafungua mdomo." Akashuka. "Sasa kula, yanapoa."

Nikala. Sikuthubutu kuacha hata punje.

Wakati wa kuondoka akanipa keki ya matabaka, ile yao ya tufaha zilizokaushwa, imefungwa kwa kitambaa safi. Moyo ukanichangamka, nikadhani nimesamehewa.

"Hiyo si yako," akasema. "Ni ya Whit."

Jumatatu, 14 Julai

Nimeitundika picha mbele ya meza yangu. Whit aliingia, akasimama kuitazama muda mrefu. Miguuni alikuwa na soksi za sufu, za kijivu, katika joto hili.

"Umemwambia," akasema.

"Nimemwambia."

"Mimi ningelibeba tu kosa hilo, Odell. Lisingenizidi uzito." Safari hii hakuniita mzee wangu.

"Najua. Ndiyo maana nimekwenda kulichukua."

Nikampa keki yake. Akaikata kwa kisu cha bahasha, akala kipande amesimama, akafumba macho kwa utamu. Kisha akakata kingine, akakisukuma mezani upande wangu, akarudi kutazama picha.

Nilikilinganisha na chake kabla sijala. Changu kilikuwa kikubwa, na hilo nalo likaniuma.